Kozi ya furaha nilifaulu, usingizi ndo nilifeli

Saa sita kasoro dakika nane usiku, Jumapili, macho mekundu, kahawa ya tatu pembeni, na kitu nilichokuwa naandika ni daftari la usingizi. Asaimenti ilisema wiki hiyo kila mtu alale walau muda wa saa saba kwa usiku mitatu, aandike kalala saa ngapi kaamka saa ngapi na asubuhi alijisikiaje, halafu apandishe kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita. Mi sikuwa nimelala saa saba hata siku moja maana wiki ileile kulikuwa na test mbili za masomo mengine na ripoti ya maabara. Kwa hiyo nikafanya ambacho wengi wangefanya, nikatunga. Nimelala saa nne na nusu usiku, nimeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, najisikia mwepesi sana. Nikapewa maksi zote.

Nianze na hilo ili mtu asidhani naandika kama mtakatifu wa hizi kozi za sayansi ya ustawi. Niliisoma semista nzima, nilifaulu, na nikiulizwa kama inafaa najibu ndio, ila sababu yangu sio ile wanayoitangaza. Wanaotangaza wanasema utajifunza sayansi ya furaha. Mi nasema sayansi yenyewe, kwa maana ya maarifa unayoandika kwenye notsi, ndo sehemu iliyonisaidia kidogo kuliko zote. Kilichonisaidia ni ratiba na watu watatu.

Turudi nyuma kidogo kwa asiyezijua. Saikolojia kwa miaka mingi ilijikita kwenye magonjwa, huzuni, hofu, kiwewe, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo maana watu wanaumwa. Mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akapiga kelele kwamba tuchunguze pia watu wanaoishi vizuri wanafanyaje, na hapo ndo likashika kasi hili tawi linaloitwa saikolojia chanya. Mwaka 2006 pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kozi ya mwalimu Tal Ben-Shahar ikajaza wanafunzi zaidi ya 800 kwa semista moja. Chuo kikuu cha Berkeley, hukohuko Marekani, wakaweka yao mtandaoni 2014. Halafu 2018 ikaja ya chuo kikuu cha Yale, ya mwanasaikolojia Laurie Santos, ambayo ilisajili karibu wanafunzi 1,200, kama robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza pale, mpaka wakakosa ukumbi wa kawaida wa kuwaweka. Ilipopelekwa Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka huohuo watu wakajiandikisha kwa mamilioni, hasa 2020 dunia ilipofungiwa ndani.

Santos alikuwa anaishi na wanafunzi, alikuwa mkuu wa moja ya makazi yao chuoni, ndo akaona kwa macho yake vijana waliofika kwenye chuo ambacho kila mtu anakililia halafu hawalali, hawali vizuri, wana wasiwasi muda wote. Hiyo sehemu ya hadithi naipenda kwa sababu kozi ilizaliwa na mtu aliyekuwa anasikia watu wanalia upande wa pili wa ukuta, sio kamati.

Ila tusidanganyane, robo ya chuo haiji kwa sababu ya njaa ya hekima tu. Hata chuoni kwetu, wengine tulikuja tukijua ni kozi ya kuokota maksi. Mi mwenyewe niliangalia muhtasari, nikaona hakuna hesabu, nikajisajili siku hiyohiyo.

Nusu ya kwanza ya hizi kozi kwa kawaida ni kubomoa. Unaambiwa vitu unavyovikimbilia, kazi nzuri, hela, mwili, maksi, vitakufurahisha kidogo na kwa muda mfupi kuliko unavyodhani, kwa sababu binadamu anazoea. Unapata simu mpya, wiki ya kwanza unaifuta kwa kitambaa, mwezi wa tatu unaitupa kitandani kama kandambili. Hapo nakubali kabisa. Tatizo ni ushahidi unavyosimuliwa.

Mfano mmoja unarudiwa kila mahali, ule wa bahati nasibu. Utafiti wa mwaka 1978 wa Philip Brickman na wenzake. Utausikia hivi: walioshinda mamilioni na waliopooza kwa ajali, baada ya muda, furaha yao ikawa sawa. Mwalimu wetu aliusema hivyohivyo darasani, watu wakaguna, mmoja nyuma yangu akasema "kweli Mungu fundi". Mi nikaenda kuutafuta, sio kwa sababu ni mjanja, ni kwa sababu nilikuwa na prezentesheni na nilitaka namba za kuweka kwenye slaidi. Washindi walikuwa 22, waliopooza 29, na watu wa kulinganishia 22. Kwenye kipimo cha sifuri hadi tano washindi walipata 4.00, watu wa kawaida 3.82, waliopooza 2.96. Sasa hiyo 2.96 ni sawa na 4.00 kwa hesabu za wapi? Kilichoonekana ni kwamba washindi hawakuwazidi watu wa kawaida kwa kiasi cha maana, na waliopooza walikuwa chini ila sio chini kama ambavyo wengi tungekisia. Ni jambo la kuvutia, ila sio ile hadithi. Na baadaye, 2020, kukatoka utafiti wa Sweden wenye washindi zaidi ya 3,000, waliohojiwa miaka mitano hadi zaidi ya ishirini baada ya kushinda, na kwa walioshinda hela nyingi kuridhika na maisha kulikuwa bado kumepanda hata baada ya zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu mwanafunzi ambaye ada haijakamilika akikaa darasani akaambiwa hela haileti furaha, na ushahidi wenyewe umepindishwa, hapo umemtukana mara mbili. Ukweli kuhusu hela ni mgumu zaidi na unavutia zaidi. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema hisia za kila siku za Wamarekani zinapanda na kipato mpaka kama dola 75,000 kwa mwaka halafu zinatulia. Watu wakaichukua hiyo namba wakaifanya aya ya kitabu kitakatifu. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na data za watu zaidi ya 33,000 waliokuwa wanaulizwa kupitia simu zao katikati ya siku wanajisikiaje muda huohuo, akasema mi sioni kutulia, inapanda tu. Badala ya kutukanana kama tunavyofanya huku mtandaoni, yeye na Kahneman wakakaa pamoja, mwanasaikolojia Barbara Mellers akiwa msuluhishi, na 2023 wakatoa kazi moja: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na kipato, ila kwa kundi dogo la walio na huzuni zaidi ndo inafika mahali, kama dola 100,000, inakwama. Yaani hela inapunguza shida zinazonunulika, na kuna maumivu yasiyonunulika. Kama kuna somo moja ningelifundisha wiki nzima ni hili, na kikubwa zaidi ni namna wasomi wawili wasiokubaliana walivyofanya kazi kwenye meza moja. Sisi tulilipita kwa slaidi mbili.

Zile tafiti za medali, ambazo nazo hazikosi kwenye kozi hizi, sizisemei sana. Washindi wa shaba kwenye Olimpiki ya 1992 walionekana na nyuso za furaha kuliko wa fedha, kwa sababu wa fedha anajilinganisha na dhahabu na wa shaba anajilinganisha na aliyekosa kabisa. Nzuri, fupi, inakaa kichwani, twende.

Kipande ambacho naona ndo moyo wa kozi nzima, na ambacho waalimu wenyewe wanakipita haraka kwa sababu kinawahukumu, ni hiki. Kuna mchoro wa mistari miwili, mmoja una mishale inayofunga kwenye ncha, mwingine inayofungua. Unaona mmoja mrefu. Unachukua rula, unapima, sawasawa. Unarudisha macho, bado unaona mmoja mrefu! Umeshajua ukweli na jicho halijali. Santos na mwanafalsafa Tamar Gendler wana jina la kosa la kudhani kwamba ukishajua jambo umeshabadilika, jina wamelitoa kwenye katuni moja ya watoto ya Marekani ambayo vipindi vyake vilikuwa vinaishia na maneno kwamba kujua ni nusu ya vita. Wao wanasema sio nusu. Wala robo.

Sasa fikiria, mtu anasimama mbele ya ukumbi anafundisha kwamba kujua hakubadilishi mtu, halafu mwisho wa semista anakupa mtihani wa kupima kama umejua. Nilijibu swali kuhusu umuhimu wa usingizi nikiwa nimelala muda wa saa tatu tu. Nikapata nane kwenye kumi.

Kwa haki ya Santos, hili analiona. Mwaka ule wa 2018 aliwahimiza wanafunzi waichukue kozi kwa mfumo wa kufaulu au kufeli tu, bila gredi ya herufi. Pale Bristol, Uingereza, ambako Bruce Hood alianzisha yake mwaka huohuo, baadaye wakaenda mbali zaidi, krediti unapata lakini mtihani hakuna, na wanafunzi wanagawanywa kwenye vikundi vidogo vinavyoongozwa na wanafunzi wa miaka ya juu, wanakutana, wanafanya mazoezi ya wiki, wanaeleza ilikuwaje. Nilipokuja kusoma habari za Bristol nilikuwa nimeshamaliza kozi yangu na nikajisikia kama mtu aliyegundua gurudumu akakuta wenzake wana magari.

Maana kwetu vikundi havikuwa mpango wa mtu. Nusu ya pili ya kozi ilikuwa mazoezi: shukrani, wema, kuongea na watu usiowajua, kutulia na kupumua, mazoezi ya mwili, usingizi. Unatakiwa uwe na mwenzio wa kukukumbusha. Mi nikawekwa na watu watatu kwa sababu majina yetu yalifuatana kwenye orodha, hakuna hata mmoja niliyekuwa namjua. Jumatano baada ya kipindi tunakaa kwenye ngazi za nje dakika ishirini, kila mtu anasema alifanya nini, basi.

Wiki ya shukrani ilinitoa jasho. Unaandika kila usiku vitu vitatu vizuri vya siku hiyo. Siku ya kwanza nikaandika afya, familia, pumzi. Siku ya pili familia, afya, chakula. Ya tatu nikanakili ya kwanza. Ilikuwa kama kujaza fomu benki, hakuna kinachoingia ndani. Jumatano tunakaa kwenye ngazi mwenzetu mmoja, kijana mkimya sana, anasoma lake: zipu ya begi langu imekubali. Tukacheka mpaka watu wakageuka. Akaeleza, akiwa serious kabisa, kwamba ile zipu imegoma wiki tatu, kila asubuhi anahangaika nayo akiwa amechelewa, na juzi akaipaka mshumaa ikateleza yenyewe, na alisimama mlangoni akaifungua na kuifunga mara tano hivi, kwa raha tu. Tangu siku ile nikaacha kushukuru vitu vikubwa. Nikaandika mvua iliyoanza nilipokuwa nimeshafika ndani. Nikaandika yule aliyenishikia lifti akiwa na mzigo mikono yote miwili. Na hapo ndo nikaanza kuona kitu, kwa sababu ili upate cha kuandika usiku inabidi mchana uwe unaangalia.

Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha kazi yao ya kuhesabu baraka mwaka 2003 na mwalimu alituonyesha grafu zake. Grafu sikumbuki. Zipu nakumbuka.

Wiki ya wageni nayo nusura niitungie kama usingizi. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaambia abiria wa treni Chicago waongee na mtu wa pembeni, wengine wakae kimya, na kwenye matokeo yao ya 2014 walioongea walifurahia safari zaidi, wakati watu walioulizwa tu wakisie walisema kuongea kungeharibu safari. Mi ni mtu wa kuvaa iafoni hata zikiwa hazina chaji, ili nisisalimiwe. Nilijilazimisha kwenye foleni, nikamuuliza mzee mmoja anasoma nini kwenye lile gazeti, akaniambia hasomi, anajikinga jua. Hayo ndo yalikuwa mazungumzo yote. Lakini nilitabasamu hadi nafika dirishani, na cha maana ni kwamba nisingemuuliza kamwe kama nisingejua Jumatano kuna watu watatu watataka kusikia nilimuuliza nani.

Unaona ninakoelekea. Kila zoezi nililofanya kweli, nililifanya kwa sababu ya ngazi zile. Kila nililofanya kwa ajili ya mfumo wa chuo, nilitunga.

Na sio mimi tu na hisia zangu. Watu wa Bristol walirudi kwa wanafunzi wao mwaka mmoja hadi miwili baada ya kozi, matokeo yakachapishwa 2024. Wakati wa kozi ustawi ulipanda kama asilimia 10 hadi 15 kwa wastani. Baadaye, kwa ujumla, ulirudi ulikokuwa. Waliobaki juu ni wale waliokuwa bado wanafanya mazoezi waliyofundishwa, kama nusu ya waliojibu. Mtu mwenye jicho kali atasema labda walioendelea ndo walikuwa tayari na unafuu, mwenye shida haendelei, na ni hoja halali kabisa. Lakini hata ukiipunguza nguvu, picha haibadiliki sana, ni kama mazoezi ya gym, hakuna mtu anayetegemea kifua cha mwaka juzi.

Sasa, kuhusu mazoezi yenyewe, ushahidi wake si wa chuma kama wanavyoutangaza. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha 2008 jaribio ambalo watu walipewa dola 5 au 20, wengine wazitumie kwa ajili yao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine, na waliotumia kwa wengine jioni walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikujalisha. Linasimuliwa sana. Waliofanya jaribio lile walikuwa watu 46. Arobaini na sita! Ila nawaheshimu kwa sababu hawakukalia sifa, wazo lilirudiwa baadaye na sampuli kubwa zaidi na likashikilia, halafu Dunn huyohuyo akiwa na Dunigan Folk wakatoa 2023 mapitio ya mikakati inayopendekezwa sana, shukrani, kuchangamana, kutafakari kwa utulivu, mazoezi ya mwili na kukaa kwenye maumbile, wakasema wazi kwamba tafiti zenye watu wa kutosha na mpango uliosajiliwa kabla ya utafiti kuanza ni chache mno, kwa hiyo tupunguze uhakika. Hawakusema mikakati haifanyi kazi. Walisema hatujaipima kwa kiwango tunachojifanya tumeipima. Mtu aliyejijengea jina kwenye fani kusema hivyo inahitaji roho.

Na kuna kisa kimoja ambacho kingekuwa kipindi cha kwanza cha kila kozi ya namna hii. Mwaka 2005 Barbara Fredrickson na Marcial Losada walichapisha kwamba kuna uwiano wa hisia nzuri kwa mbaya ambao ukiuvuka unastawi, nao ni 2.9013. Tazama hiyo namba, desimali nne, kana kwamba furaha inapimwa na mzani wa sonara. Ilinukuliwa miaka kadhaa, ikaingia kwenye semina za makampuni na wapi na wapi. Aliyeiangusha ni mwanafunzi. Nick Brown, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi za kompyuta maisha yake, akasoma masters ya muda wa ziada kwenye chuo kimoja London, masters ya saikolojia chanya hiyohiyo, akaonyeshwa hiyo hesabu darasani akasema hapana, hii haiwezekani. Akamtafuta Alan Sokal, mwanafizikia, na Harris Friedman, mwanasaikolojia, na 2013 wakachapisha kwamba milinganyo ile ilikuwa imeokotwa kwenye fizikia ya vimiminika na kubandikwa kwenye hisia za watu bila sababu yoyote ya maana. Sehemu ya hesabu ikaondolewa rasmi. Fredrickson akasema wazo la jumla, kwamba hisia nzuri zikizidi ni heri, bado lipo, na huenda ana haki yake, ila ile desimali ilikwenda na maji.

Ninachokipenda kwenye hicho kisa ni kwamba Brown hakuichukia kozi. Alikuwa mwanafunzi wake mzuri kuliko wote, na mtihani wa kuchagua A, B, C usingemtambua.

Kuna lawama nyingine ambayo huwa naisikia na mwanzoni niliipuuza. Kwamba hizi kozi ni plasta. Chuo kinakupangia mitihani mitatu ndani ya siku mbili, foleni ya kumuona mshauri nasaha ni wiki kadhaa, halafu kinakuletea kozi ya kukufundisha kupumua. Naikubali nusu. Anayefundisha kupumua sio anayepanga ratiba ya mitihani, na kumlaumu yeye ni kumpiga punda ukikusudia mwenye mzigo. Lakini uongozi ukianza kuitumia kozi kama jibu, kwenye vipeperushi vile vyenye vijana wanaocheka kwenye nyasi, hapo lawama inawafaa. Mtu mwenye sonona anahitaji matibabu, na mwalimu wetu, kwa hili nampa heko, alilisema wiki ya kwanza na akalirudia wiki ya sita, kwamba hii sio tiba na anayeona giza aende kwa wataalamu asisubiri wiki ya shukrani.

Halafu usidhani maarifa yanamkinga hata mwenye kozi. Santos mwenyewe mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba anachukua likizo kazini kwa sababu alianza kuona kwake dalili za uchovu wa kazi anazozifundisha. Watu wakamcheka mtandaoni, eti mganga hajigangi. Mi niliona ndo kipindi chake bora. Aliona dalili, akapunguza mzigo. Hakujiambia kwamba kwa kuwa anajua basi yuko salama, yaani kosa lilelile la katuni hakulifanya.

Hilo la kuifukuzia furaha kama maksi lina madhara yake pia, Iris Mauss na wenzake walionyesha 2011 kwamba watu wanaoipa furaha thamani kubwa mno wanaweza kuishia na furaha pungufu, hasa mambo yakiwa mazuri na hawana cha kusingizia. Darasani kwetu niliwaona. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa anapima mudi yake kwenye apu mara sita kwa siku, grafu ikishuka anakasirika kwamba imeshuka, na inashuka zaidi.

Kwa hiyo ningebadilisha nini? Mtihani ningeutoa kesho asubuhi. Krediti ningeiacha, maana bila krediti mwanafunzi mwenye mzigo hataji jina la kozi hata kwa bahati mbaya, na huo ni ukweli usio na aibu. Usingizi ningeuondoa kwenye mfumo na dedilaini yake ya saa sita usiku, jamani, saa sita usiku! Weka hata saa kumi jioni. Na hela ambazo chuo kinatumia kutengeneza video za kozi ningezipeleka kwenye vile vikundi, watu wanne wanne, ngazi, dakika ishirini, mtu wa mwaka wa juu wa kuhakikisha hakuna anayetoweka kimyakimya.

Kitu kimoja ningekiacha kama kilivyo ni lile dodoso la kuridhika na maisha, la Ed Diener na wenzake, la 1985. Sentensi tano tu, kila moja unajipa moja hadi saba, jumla inaanzia 5 inaishia 35. Tulijaza wiki ya kwanza na wiki ya mwisho. Nilianza na 21 nikamaliza na 26, nikajiona nimekomboka. Mwaka mmoja baadaye nikajaza tena peke yangu, nikapata 23. Sentensi ya mwisho inasema kama ningeishi tena maisha yangu nisingebadilisha karibu chochote, na hapo nilijipa mbili mara zote tatu, na kila nikiisoma nacheka, nani anaandika sentensi kama hiyo.

Zile pointi tatu zilizopungua naweza kukuonyesha zilipokwenda. Ni miezi ile minne ambayo kundi letu lilinyamaza, mmoja alihamia mbali kwa kazi, mmoja akawa na mtoto, kila mtu na yake. Sasa tumeanza tena, Jumatano, kwa meseji badala ya ngazi, mtu anaandika kitu kimoja tu. Wiki iliyopita mwenye zipu alikuwa wa kwanza kutuma. Begi limeibiwa, kaandika, nashukuru lilikuwa tupu.